Namna ya kumchagulia mtu riwaya ya fantasia atakayoimaliza

Nyumbani kwangu Tanga nina rafu mbili za vitabu ninavyowaazima majirani, na daftari ninamoandika nani kachukua nini na lini. Kitabu kikirudi baada ya siku nne, pembe zimekunjika na jalada lina duara la kikombe cha chai, najua kimesomwa. Kikirudi baada ya miezi mitatu kisafi kama kilivyotoka, najua nilimpa mtu asiye wake. Kwa muda mrefu riwaya za fantasia ndizo zilizokuwa zikirudi safi kuliko zote. Watu walizichukua kwa hamu, zikawashinda kabla ya ukurasa wa thelathini, wakaona haya kusema.

Nikabadilisha namna ya kuchagua, na siku hizi nyingi zinarudi zimechakaa. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya kwanza: ulizia hadithi, usiulizie fantasia

Neno lenyewe linawatisha watu. Ukimuuliza mtu kama anapenda fantasia, picha inayomjia ni majoka, mapanga na wafalme wa Kizungu wenye majina yasiyotamkika, basi anakataa. Lakini fantasia ni hadithi yoyote ambayo ndani yake lisilowezekana linawezekana, na watu wanaishi nalo: jini anayelipa kisasi, mji uliogeuka mawe, nchi iliyo angani. Aliyelelewa kwa "Paukwa! Pakawa!" amekwisha kuionja kabla hajajua kusoma.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima anayeuza vitenge, aliniambia waziwazi: "Mwanangu, hayo mambo ya kutungatunga mimi siyawezi. Nipe kitabu cha maisha." Jioni ile ile tulikaa barazani kwake, umeme umekatika, akaanza kutusimulia habari za nyumba moja ya Pangani aliyokulia jirani nayo. Sufuria zilikuwa zikihama usiku zenyewe, na babu wa nyumba ile alikuwa akimsemesha huyo mgeni asiyeonekana kwa adabu, kama anavyosemeshwa mkwe. Kahawa ikapoa vikombeni. Watoto hawakutikisika. Nikamwambia, "Mama, mbona hayo ndiyo yaliyomo vitabuni?" Akanijibu, "Hayo ni ya kweli, mwanangu."

Hapo nikamwelewa. Mama yule hakuwa na ugomvi na maajabu. Aliyataka yabishe hodi kwenye nyumba ya watu anaowafahamu, wenye mkwe, wenye adabu, wenye aibu. Nilimpa *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert. Kikarudi siku ya tatu.

Kwa hiyo swali langu siku hizi ni hili: "Ni hadithi gani ya mwisho iliyokukosesha usingizi?" Iwe ya kitabu, ya filamu, ya tamthilia ya televisheni, ya redioni, hata ya kusimuliwa msibani. Kisha nanyamaza, nasikiliza anashika wapi. Mmoja atakwambia "yule dada alivyovumilia, masikini", huyo anafuata watu. Mwingine atakusimulia jumba, bahari, soko na mavazi, huyo anataka mahali pa kwenda kukaa. Anayesema "sikumjua muuaji mpaka mwisho" anataka fumbo. Anayesema "walivyomgeuka mfalme wao!" anataka fitina. Na yupo anayekukariria maneno yenyewe, sentensi nzima, kwa sababu zilimwingia masikioni. Huyo usimpe kitabu chenye lugha kavu hata kama kina visa elfu.

Hatua ya pili: pima muda, macho na lugha

Muulize anasoma saa ngapi na wapi. Anayesoma kwenye daladala anahitaji sura fupi. Anayesoma kitandani baada ya kazi hatafika popote na kitabu cha kurasa mia nane kinachomwangukia usoni. Mzee mwenye miwani utamwonea ukimpa matoleo ya bei nafuu ya riwaya kubwa za Kiingereza, kwa kuwa herufi zake ni ndogo kama mbegu za mchicha. Kama ana simu au tableti, mwonyeshe jinsi ya kukuza maandishi.

Kwenye lugha ndipo tunapokosea zaidi. Kiingereza cha barua na vikao hakitoshi kumvusha mtu katika riwaya ambayo nusu ya majina yake yamebuniwa na mwandishi. Nimewahi kumwona mhasibu hodari akikwama, kwa sababu hakujua neno lipi ni la Kiingereza na lipi limetungwa. Siku hizi namfungulia msomaji katikati ya kitabu, namwambia asome aya moja kimyakimya. Akisimama mara tatu, narudisha kitabu rafuni bila maneno mengi na kumpa cha Kiswahili, au cha Kiingereza kilicho chembamba.

Hatua ya tatu: zungumzia uchawi mapema

Katika Kiswahili mchawi hana sifa njema hata moja. Ni mtu wa usiku, anayedhuru watoto wa watu. Yule mhusika ambaye Waingereza humchora kama mzee mwenye ndevu, fimbo na hekima, ukimwita mchawi umekwisha kumhukumu kabla hajafungua mdomo. Mama mmoja aliwahi kunirudishia kitabu cha mwanawe akiwa amekifunga kwa gazeti. Alisema, "Mwalimu, umempa mtoto wangu kitabu cha shule ya wachawi?" Alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilikuwa nimekosea kwa kutomweleza kabla.

Ninachofanya sasa ni kueleza kitendo, si cheo. Ninasema: "Humu kuna kijana anayejifunza kuwaita upepo na bahari kwa majina yao ya kweli, na kosa lake moja linamfuata mpaka amekubali kwamba ni lake." Msomaji akisikia hivyo anaweza kuamua mwenyewe. Lakini usimfiche mtu. Kama kitabu kina uganga, mizimu au miungu mingi, mwambie. Kwa Waislamu wengi majini si jambo la kubuni, ni sehemu ya imani. Wapo wanaofurahi kuyakuta kwenye riwaya, na wapo wasiopenda yachezewe. Uliza kwa heshima, ukubali jibu. Msomaji asiyetaka sihiri kabisa bado ana *Kusadikika* ya Shaaban Robert, ambamo ajabu kubwa ni nchi yenyewe, na hakuna anayeroga mtu.

Hatua ya nne: mkutanishe na kitabu chake

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye raha.

Mpenda ngano na maadili nampa *Adili na Nduguze* (1952). Ninamweleza jambo moja tu: kuna mtawala mwadilifu anayependwa na watu wake, lakini kila usiku anawacharaza viboko nyani wawili, kisha anawabembeleza. Mjumbe wa mfalme anamwona. Sisemi zaidi. Sijapata mtu aliyesikia hivyo akaacha kunyoosha mkono. Kitabu ni chembamba, Kiswahili chake kimenyooka na kina nyota ndani yake, na anayekipenda unaweza kumpeleka moja kwa moja kwenye *Alfu Lela Ulela*, ambako atakutana na jamaa zake wengi.

Mpenda siasa na mabishano, yule anayefuatilia bunge redioni, anaanza na *Kusadikika* (1951). Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria katika nchi iliyo angani, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Wengi wetu tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, na hiyo ndiyo bahati mbaya yake. Mtu mzima akikirudia bila mtihani mbele yake anakuta kitabu kingine. Baada yake nampa *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995), na namwachia agundue mwenyewe jina hilo linatamkwa vipi ukilikata vipande vitatu. Akitaka kikubwa zaidi, na Kiingereza chake kikiwa imara, kuna *Wizard of the Crow* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Kigikuyu kwa jina la *Mũrogi wa Kagogo* na kuitafsiri mwenyewe (2006). Kina kurasa zaidi ya mia saba, na ndani yake mtawala wa nchi ya kubuni anataka kujengewa mnara ufike mbinguni. Hicho ni cha likizo.

Mpenda falsafa, anayetulia na swali moja wiki nzima, anastahili *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi (1990). Kwa mikono hicho ni chepesi, kwa kichwa ni kizito sana. Mwambie asikitafutie msuko wa kisa kama wa riwaya nyingine, asome kama anayesikiliza ndoto ya mtu mwingine. Usimpe kamwe kama kitabu cha kwanza mtu anayesema "nataka kitu chepesi", hata kama unakihusudu. Mimi nakihusudu, na nimekosea hivyo mara mbili.

Mpenda upelelezi ana daraja zuri la kuvukia. Namwanzishia kwa Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) au *Kisima cha Giningi*. Hizo si fantasia. Majina yananukia mizimu, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, anafumbua kila kitu kwa akili. Msomaji akishapenda harufu ile, namvusha kwenye *A Master of Djinn* ya P. Djèlí Clark (2021): Cairo ya mwaka 1912, mji ambao majini wanaishi pamoja na watu, na mpelelezi wa kike wa wizara inayoshughulikia mambo hayo anatafuta muuaji. Kesi ya kweli, ushahidi wa kweli, na majini ndani.

Mpenda bahari ndiye ninayemwonea wivu, maana rafu yake imejaa. *The House of Rust* ya Khadija Abdalla Bajaber (2021) ni ya Mombasa hasa. Aisha, binti wa familia yenye asili ya Hadhramaut, anatoka kumtafuta baba yake mvuvi aliyepotea baharini, amepanda chombo cha mifupa, na anayemwongoza ni paka msomi. Mwaka 2022 kilipata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, ikitolewa kwa mara ya kwanza. Kiingereza chake ni cha kishairi na hakina haraka, kwa hiyo si cha kila mtu, lakini msomaji wa pwani anakuta humo sauti za nyumbani ambazo msomaji wa London hazisikii. Nilimwazima kijana mmoja anayefanya kazi kwenye majahazi. Alinirudishia na mistari ya kalamu ya risasi chini ya kila jina la samaki. Sikumlaumu. Sikuifuta.

Kwa mpenda bahari anayetaka mwendo wa kasi, kuna *The Adventures of Amina al-Sirafi* ya Shannon Chakraborty (2023). Nahodha wa kike aliyestaafu uharamia, ana binti wa kulea na goti linalomsumbua, anarudishwa kazini katika Bahari ya Hindi ya karne ya 12. Wanawake waliopita miaka arobaini wananiambia hawajawahi kukuta shujaa wa umri wao katika vitabu hivi. Na kwa mpole mwenye subira, *A Wizard of Earthsea* ya Ursula K. Le Guin (1968), ile ya kijana wa upepo niliyemtaja juu. Ni kifupi, na kila kisiwa chake unaweza kukinusa.

Mpenda fitina za ikulu atakuja mwenyewe kuomba *A Game of Thrones* ya George R. R. Martin (1996), kwa sababu aliona tamthilia. Mpe, lakini mpe na ukweli wake: kitabu cha tano kilitoka 2011 na cha sita bado hakijatoka, na kuna ukatili na mambo ya chumbani ambayo hutaki yamkute mtoto wa kidato cha kwanza. Kama msomaji wako hawezi kuachwa njiani, kuna trilojia, yaani riwaya tatu zinazofuatana, ya Robin Hobb iliyoanza na *Assassin's Apprentice* (1995) na kukamilika 1997. Mtoto wa nje ya ndoa wa mwana wa mfalme analelewa na mtunza farasi, anafundishwa kuua kwa siri. Fitina zipo tele, ila moyo wa kitabu ni upweke wa mtoto yule. Mtu wa "alivyovumilia, masikini" atakipenda kuliko mtu wa vita.

Kuna msomaji ambaye watu wengi hawamfikirii: fundi. Anayesomea umeme, anayeandika programu, anayepinga filamu kwa kusema "haiwezekani, pale angekuwa amekwisha kufa." Huyu hachukii maajabu, anachukia maajabu yasiyo na kanuni. Mpe *Mistborn* ya Brandon Sanderson (2006). Ndani yake watu fulani humeza vipande vya metali, na kila metali ina kazi yake moja: bati linaongeza ukali wa macho na masikio, chuma kinavuta vitu vya metali. Vina mipaka, vinaisha tumboni, na nguvu ya kuvuta inafuata uzito wa mwili. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ufundi cha VETA alikisoma siku sita na akaja kunichorea mishale ya nguvu nyuma ya risiti.

Mpenda mapenzi nampa *The City of Brass* (2017), ya Shannon Chakraborty huyo huyo. Mapenzi yanakwenda polepole, mji wa majini una harufu ya ubani, na trilojia imekamilika. Mpenda vichekesho, Terry Pratchett. Vitabu vya mfululizo wake wa Discworld ni 41, usimwanzishe na cha kwanza, mwanzishe na *Guards! Guards!* (1989). Aliyeona filamu za Tolkien, mpe *The Hobbit* (1937) kabla ya kile kikubwa cha juzuu tatu, *The Lord of the Rings*. Mwenye muda mdogo na moyo mtulivu, *Piranesi* ya Susanna Clarke (2020), mtu peke yake katika jumba lisilo na mwisho ambamo bahari hupwa na kujaa.

Wengine watavutiwa na *Binti* ya Nnedi Okorafor (2015) kwa sababu ya jina. Ni kitabu kifupi na kizuri, lakini waambie kwamba kinasimulia safari ya chombo cha anga, wasije wakasubiri majini. Kwa vijana, mwandishi huyo huyo ana *Akata Witch* (2011), na hapa narudia hatua ya tatu, kwa kuwa neno la jalada litamshtua mzazi. Keti naye umweleze. Sunny, shujaa wake, ni msichana wa miaka kumi na miwili mwenye ualbino anayeishi Nigeria. Katika nchi yetu, ambako watoto kama yeye wamefichwa majumbani wasidhuriwe na watu wanaosaka viungo vyao, kumpa mtoto kitabu ambacho msichana huyu ndiye anayewakabili waovu kina uzito ambao siwezi kuupima kwa maneno ya kawaida.

Na usimsahau babu anayedai hasomi riwaya. Mpe utenzi. Kuna ule wa Liyongo, shujaa wa kale wa pwani, asiyeuawa na mkuki wala mshale, isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe mwenyewe ndiye anayeishika. Muhamadi Kijuma aliuandika mwaka 1913. Au *Rasi 'l-Ghuli*, beti zaidi ya elfu nne za vita na majini. Mwombe akusomee kwa sauti ya utenzi, si ya gazeti.

Hatua ya tano: toa viwili, sema machache

Ukimwekea mtu vitabu kumi mezani, ataondoka bila hata kimoja, au atachukua chenye jalada zuri. Toa viwili vinavyotofautiana unene. Kwa kila kimoja sema sentensi tatu: nani, anataka nini, nini kinamzuia. Usisimulie mwisho, na usiseme "hiki lazima utakipenda", maana ukimwambia hivyo anaogopa kukuudhi asipokipenda. Kama ni cha mfululizo, mwambie kuna vingapi na kama vimeisha. Mwambie pia ukurasa ambapo mambo yanachangamka. *The City of Brass* haikawii, *Piranesi* inahitaji uvumilivu wa kurasa hamsini.

Kisha mpe ruhusa ya kuacha. Mimi nasema: "Ukifika ukurasa wa hamsini hakijakushika, kirudishe, tutatafuta kingine." Tangu nianze kusema hivyo vitabu vinarudi mapema, na watu wanarudi pamoja navyo.

Hatua ya sita: kinaporudi

Usiulize "kilikuwa kizuri?" Kila mtu atasema ndiyo, kwa adabu. Uliza: "Uliishia wapi?" au "Nani alikuudhi?" Jibu liandike daftarini mbele ya jina lake, kwa maneno yake mwenyewe. Mbele ya jina la mama wa vitenge nimeandika: "Alimwonea huruma aliyeshika kiboko kuliko waliochapwa." Kwa maneno hayo nilijua kinachofuata ni Robin Hobb, lakini Kiingereza kingemshinda. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya magharibi namsomea sura moja barazani, natafsiri papo hapo, na yeye ananisahihisha Kiswahili. Tumefika pale mtoto anapotengwa na mbwa wake. Ameniambia nisiendelee mpaka mjukuu wake arudi kutoka Muheza, naye asikie.